Uvimbe kwenye titi: namna ya kuzifuatilia siku za kusubiri hadi matibabu yaanze, kwa wakazi wa Dar es Salaam

Mgonjwa akichelewa kuanza matibabu, lawama huenda moja kwa moja kwenye foleni: madaktari wachache, mashine imeharibika, bima inasumbua. Yote hayo yapo. Lakini ukizipitia siku za mgonjwa mmoja, tangu aguse uvimbe hadi atundikiwe dripu ya kwanza, utakuta nyingi hazikuliwa na foleni ya matibabu. Zililiwa njiani. Majibu yalikuwa tayari na hakuna aliyeyafuata. Kipimo kilifanyika nusu ikabidi kirudiwe. Familia ilikuwa bado inajadiliana. Siku za namna hiyo mgonjwa na ndugu zake wanaweza kuzipunguza wenyewe, na ndizo ninazoziandikia hapa.

Kwanza, muda gani ni mrefu mno?

Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wake wa saratani ya matiti mwaka 2021, na ndani yake kuna vipimo viwili vya kushika. Tangu siku unapofika kituo cha afya na kusema "nina uvimbe kwenye titi", picha, kinyama (kipande kidogo cha uvimbe kinachotolewa kikapimwe) na majibu ya maabara viwe vimekamilika ndani ya siku 60. Matibabu yenyewe yaanze ndani ya miezi 3. England wanajibana zaidi: siku 28 tangu rufaa hadi mtu aambiwe anayo au hana, na siku 62 hadi matibabu yaanze, na hata wao hawazifikii kila mara.

Hesabu hizo zina sababu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 1999 ulionyesha kwamba wanawake waliochelewa miezi 3 au zaidi walikuwa na nafasi ndogo ya kuwa hai baada ya miaka 5 kuliko waliowahi. Mwingine, wa jarida la BMJ mwaka 2020, ulikuta kila wiki 4 za kuchelewesha upasuaji wa saratani ya titi huongeza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 8. Soma takwimu hiyo vizuri: haisemi wanawake 8 kati ya 100 watakufa kwa kungoja mwezi, inasema hatari uliyokuwa nayo tayari, ndogo au kubwa, inapanda kwa kiasi hicho. Kwa hiyo miezi ina uzito, lakini siku kumi za kusubiri jibu sahihi la maabara si janga. Kukimbilia matibabu yasiyo sahihi kunaumiza zaidi.

Hatua ya 1: Nunua daftari

Simu inaibiwa kwenye daladala. Daftari hakuna anayelitaka. Ukurasa wa kwanza andika tarehe uliyougusa uvimbe, na chini yake tarehe uliyofika kituo cha kwanza. Hiyo ya pili ndiyo siku yako ya 0, na kila kitu kitahesabiwa kutoka hapo. Kila unapotoka hospitali, andika mambo matatu: umeambiwa nini, unasubiri nini, na nani wa kumuuliza ikifika tarehe bila jibu. Ukishindwa kujaza hilo la tatu, rudi ndani ukaulize kabla hujafika getini. Nisingekuwa na nafasi ya kutoa zaidi ya ushauri mmoja, ningetoa huo.

Hatua ya 2: Fika, na usikubali kurudishwa na dawa tu

Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Wasichana wengi hupata vivimbe vigumu vinavyoteleza chini ya vidole, wengine huwa na vifuko vya maji, wanaonyonyesha hupata majipu. Hakuna mtu, awe bingwa wa namna gani, anayeweza kutofautisha vyote kwa kugusa tu. Msichana wa miaka ishirini na kitu mwenye uvimbe unaouma karibu na hedhi anaweza kuambiwa arudi baada ya mzunguko mmoja. Mmoja tu. Mwanamke wa miaka 35 na kuendelea asikubali "tuangalie kwanza".

Kuna dalili zisizongoja hata huo mwezi: ngozi ya titi kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani, chuchu kutoa damu, kidonda cha chuchu kisichopona, uvimbe kwapani, au titi zima kuwa jekundu na la moto ghafla. Hii ya mwisho inawaponza wanaonyonyesha. Anapewa dawa ya jipu, halafu nyingine, halafu nyingine, na miezi inapita. Dawa za jipu zisipoleta nafuu ndani ya wiki moja au mbili, dai ultrasaundi.

Kwa njia ya kawaida utaanzia zahanati au kituo cha afya, uende hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa: Amana, Temeke au Mwananyamala. Huko ndiko utakakopewa rufaa ya Muhimbili au Ocean Road, taasisi ya saratani. Omba barua ya rufaa iandike ukubwa wa uvimbe kwa sentimita, upo titi lipi, na ulianza lini. Barua inayosema "uvimbe wa titi, tafadhali saidia" itakufanya uanze upya kila mlango. Na ukiambiwa "nenda Muhimbili", uliza Upanga au Mloganzila. Mloganzila iko huko ya Kibamba, mbali kabisa na Upanga, na watu wamepoteza siku ya miadi kwa kutouliza swali hilo.

Hatua ya 3: Picha

Chini ya miaka 40 kwa kawaida ultrasaundi inatangulia, kwa sababu titi la kijana limeshonana na mamografia, yaani eksirei ya titi, haioni vizuri ndani yake. Zaidi ya hapo, mamografia pamoja na ultrasaundi. Ni vizuri picha zitangulie kinyama, maana damu ikivilia ndani baada ya sindano picha inachanganya. Lakini uvimbe ukiwa unashikika na foleni ya mamografia ni ndefu, muulize daktari kama ultrasaundi inatosha kuendelea. Mara nyingi inatosha.

Mamografia safi haifuti uvimbe unaoshikika. Ukiambiwa "picha haijaonyesha kitu" na wewe bado unaugusa, hujamaliza.

Hatua ya 4: Kinyama

Hapa ndipo miezi inapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuanze na hofu. Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba kansa haitaki kuguswa: ukiichoma sindano, inakasirika na kusambaa. Imani hiyo haikutoka hewani. Wanawake wengi nchini hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Mtu kama huyo akichukuliwa kinyama leo na akafariki baada ya miezi michache, jirani anakumbuka sindano. Ile miaka miwili ya kuuficha uvimbe ndani ya kanga hakuna anayeikumbuka. Kutoa kinyama kwa sindano hakumfupishii mgonjwa maisha. Kukikataa ndiko kunakofupisha.

Kuna njia tatu, na tofauti yake inagusa kalenda yako. Sindano nyembamba hufyonza chembe. Ni ya haraka, lakini haiwezi kusema kama saratani imeshavunja kuta za vijifereji vya maziwa au bado, na kwa kawaida haitoshelezi vipimo vya vipokezi, yaani alama za kwenye chembe zinazoonyesha dawa ipi itafaa. Sindano nene, inayotumika chini ya ganzi, hutoa vijiti vidogo vya nyama, na ndiyo inayotakiwa. Njia ya tatu ni kukata uvimbe wote "ukapimwe". Hii ikataeni kwa adabu kama sindano nene inapatikana. Daktari akiutoa uvimbe bila kujua ni nini, hakati kwa nafasi inayotakiwa pembeni. Majibu yakirudi ni saratani, unarudi tena theatre, na huenda ulipaswa kuanza na kemo, yaani dawa za saratani za dripu. Mtu anaamini "wameshaitoa", anarudi nyumbani, na anaonekana tena mwaka unaofuata.

Kinyama kikishatoka kiingie ndani ya formalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama isioze, na kiingie mapema, ndani ya saa moja. Kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikichelewa kuingia, au kikiachwa humo siku nyingi, vipokezi vinaweza kusomeka "havipo" wakati vipo, na mgonjwa akakosa dawa iliyomfaa. Ndiyo maana mimi sipendi kinyama cha Ijumaa jioni kama hakuna wa kukipeleka maabara kabla ya Jumatatu. Ukipewa mwenyewe kichupa ukipeleke, jambo linalotokea sana mjini hapa, usipitie nyumbani. Kagua kwamba kichupa chenyewe, si mfuniko, kina jina lako kamili, namba ya faili, upande wa titi na tarehe. Mfuniko hubadilishana.

Maabara nako kuna kazi ya siku kadhaa ambayo haikimbiliki. Nyama inakaushwa maji usiku kucha ndani ya mashine, inagandishwa kwenye nta, inakatwa vipande vyembamba mno, inatiwa rangi, kisha daktari wa patholojia anaisoma kwa darubini. Jibu hilo la kwanza linasema kama ni saratani na ya aina gani. Jibu la pili ni la vipokezi: vya homoni viwili, yaani istrojeni na projesteroni, pamoja na kingine kiitwacho HER2. Hiki ni kipimo cha peke yake, na baadhi ya maabara husubiri sampuli ziwe kadhaa ndipo ziendeshe pamoja. Kosa la kawaida ni kusubiri jibu la kwanza, kulipeleka kwa daktari, kuandikiwa vipokezi, na kurudi maabara kujipanga upya. Siku ya kuchukuliwa kinyama, muulize daktari: "Ikikutwa ni saratani, je, wapime vipokezi hapo hapo bila kunirudisha?" Fomu ikiandikwa hivyo, na malipo yakipangwa mapema, umeokoa wiki.

Uliza pia majibu yatakuwa tayari lini, na ikifika siku hiyo nenda. Usingoje kupigiwa. Katika hospitali moja hapa jijini, majibu ya wifi yangu yalikaa tayari kwenye kabati huku sisi nyumbani tukigombana nani alizima simu ya nani. Andikisha namba mbili, ya pili iwe ya mtu asiyebadilisha laini kila mwezi.

Lile bonge la nta lenye nyama yako huhifadhiwa maabara. Ukihamia hospitali nyingine, unaweza kuomba bonge au slaidi (vile vioo vyenye vipande vyake) zikasomwe huko badala ya kuchomwa tena. Watu wengi hawalijui hilo, wanarudiwa kinyama bure.

Hatua ya 5: Kulisoma jibu

Usilifungue peke yako ndani ya mwendokasi. Fungua na daktari, kisha andika kwenye daftari: aina ya saratani, daraja lake (1 hadi 3, yaani chembe zilivyobadilika), na vipokezi vitatu. HER2 ikiandikwa 0 au 1+ huhesabiwa hasi, 3+ ni chanya, na 2+ ni ya katikati, inahitaji kipimo cha ziada. Daraja si hatua; hatua ni ugonjwa umefika wapi. Mtu mwenye "daraja la 3" anaweza kuwa na uvimbe mdogo wa hatua ya kwanza, na nimeona familia ikaanza kuchangishana ya msiba kwa kuchanganya hayo mawili.

Hatua ya 6: Vipimo vya kujua imefika wapi

Picha ya kifua, ultrasaundi ya tumbo, damu, figo, ini. Moyo hupimwa kwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo, kabla ya dawa fulani za kemo na kabla ya trastuzumab, dawa ya wenye HER2 chanya. Omba orodha yote siku moja na uvifanye kwa mkupuo, si kimoja kila kliniki. CT na kipimo cha mifupa si lazima kwa kila mtu: uvimbe mdogo, bila maumivu ya mifupa, bila kikohozi, vipimo vya ini viko sawa, kwa kawaida havitakiwi. Unaruhusiwa kuuliza, "Daktari, kipimo hiki kitabadilisha nini kwenye matibabu yangu?" Ukijibiwa vizuri, kifanye. Kusubiri wiki tatu kwa ajili ya picha isiyobadilisha kitu ni kusubiri kwa bure.

Hatua ya 7: Jopo na mpango

Kwenye hospitali kubwa faili lako hujadiliwa na jopo: daktari wa upasuaji, wa saratani, wa mionzi, wa patholojia. Uliza jopo hukaa siku gani ya wiki, na uhakikishe faili lina majibu yote siku mbili kabla. Faili likikosa karatasi moja, linasogezwa hadi kikao kijacho.

Usishtuke ukiambiwa unaanza na kemo kabla ya kisu. Uvimbe mkubwa, au uliofika kwapani, mara nyingi hupunguzwa kwanza kwa dawa. Huko si kuahirishiwa. Siku ya dripu ya kwanza ndiyo siku matibabu yameanza. Kama upasuaji umetangulia, kemo ifuate baada ya kidonda kupona, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, na isivuke siku 90 tangu upasuaji, hasa kwa saratani isiyo na kipokezi chochote. Na kama vipokezi vya homoni vipo lakini tarehe ya upasuaji iko mbali, muulize daktari kuhusu vidonge vya homoni katika kipindi hicho cha kungoja. Si vya kila mtu, na tamoksifeni, mojawapo ya vidonge hivyo, haitumiwi na mjamzito, lakini swali halina gharama.

Mimba yenyewe si sababu ya kusimamisha kila kitu hadi kujifungua. Upasuaji hufanyika, na baadhi ya kemo hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Mionzi ndiyo inayongoja.

Hatua ya 8: Pesa

Ofisi ya ustawi wa jamii watu huiendea wakiwa wameshauza kiwanja. Nenda wiki ya kwanza, na barua ya serikali ya mtaa mkononi, ueleze hali yako kabla deni halijaanza. Mwenye NHIF aulize mapema kama dawa alizoandikiwa zinahitaji kibali, na nani anayekijaza. Kibali kikiombwa asubuhi ya siku ya dripu, dripu haipo. Asiye na bima aombe makadirio ya safari nzima, si ya leo tu, ili ndugu wachange kwa mpango. Mchango ukikauka katikati ya kemo ni hatari kama kuchelewa kuanza.

Tia na nauli kwenye hesabu. Kemo nyingi huja kila baada ya wiki 3, mionzi ni ya kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa. Anayetoka Chanika au Kibaha atafute ndugu wa mjini mapema. Mvua za masika zikifurika Jangwani, barabara ya Morogoro hufungwa hapo, na miadi ya asubuhi Ocean Road huenda nayo. Mwezi wa nne ondoka mapema au lala upande wa mjini. Sikukuu nazo zinakula siku. Ukipangiwa tarehe karibu na Idi, Pasaka au Saba Saba, uliza hapo hapo kama kliniki itakuwepo.

Hatua ya 9: Nyumbani

Kikao cha familia ni chetu, na sikipingi. Ila kiwekewe tarehe ya mwisho. Mume anataka kuuliza kwao, mama mkwe ana mtu Mlingotini anayetoa dawa ya mizizi, kanisani au msikitini kuna dua: sawa, dua na hospitali hazigombani. Dawa ya kunywa ndiyo umwambie daktari, maana nyingine huchosha ini wakati kemo nayo inalitegemea. Kinachoua ni ile kauli ya "tujaribu huku kwanza miezi mitatu". Ukiisikia, fungua daftari uwaonyeshe siku ya 0.

Mgonjwa apewe msindikizaji mmoja, yule yule. Si leo dada, kesho shemeji, keshokutwa mtoto wa jirani. Anayebadilika hajui karatasi ipi iko wapi.

Ikiwa umeshachelewa

Siku 90 zimepita, au uliuficha uvimbe mwaka mzima? Nenda hivyo hivyo na useme ukweli wa muda. Ukisema "umeanza mwezi uliopita" wakati ni mwaka, unampa daktari picha ya ugonjwa unaokimbia kuliko ulivyo, na mpango unaweza kubadilika. Wauguzi wa huko wameshaona kila kitu. Titi lililopasuka na kunuka lina dawa ya kusafisha na kupunguza harufu, hata wakati mpango mkubwa bado unaandaliwa.

Na haya hayangoji miadi, iwe usiku au sikukuu. Maumivu ya mgongo pamoja na miguu kuishiwa nguvu au kushindwa kuzuia mkojo: nenda siku hiyo hiyo. Kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa, kichwa kuuma mfululizo na kutapika: vivyo hivyo. Aliyeshaanza kemo akipata homa ya nyuzi 38 asinywe panado na kulala. Aende hospitali ya karibu yenye huduma ya dharura, na maneno ya kwanza dirishani yawe: "Niko kwenye kemo na nina homa." Kisha aonyeshe daftari, ukurasa wenye majina ya dawa na tarehe ya dripu ya mwisho.